Marahaba ya Damari Kitundu

Jumanne tarehe 11 Machi 1997 Damari Kitundu alikaa kwa mara ya kwanza mbele ya darasa la chuo kimoja cha utabibu na uuguzi mjini Singida, na hakuna mwanafunzi aliyemwamkia. Walimwamkia mama yake.

Waliingia mmoja mmoja, makoti meupe yakiwa na mikunjo ya pasi, na kila aliyepita mlangoni aliinamisha kichwa kidogo kwa Rebeka, mwanamke aliyevuka miaka sitini, aliyeketi pembeni na mkoba mapajani. "Shikamoo mama." "Marahaba." "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Walipofika kwa Damari, mwenye miaka thelathini na minne na mtoto anayesoma darasa la kwanza, walisema "Hujambo?" au "Mambo?", au hawakusema kitu. Msichana mmoja alimfinya shavu.

Damari alikuwa amekuja kufundisha. Ndivyo alivyoelewa.

Alizaliwa mwaka 1962, nyumbani, kijiji cha jirani na Iguguno, baada ya uchungu uliochukua siku mbili. Alichelewa kulia. Hilo ndilo jambo pekee ambalo Rebeka amekuwa akimweleza kila anayeuliza: mtoto alichelewa kulia. Majirani walikuwa na maelezo yao, degedege, kulogwa, mama kuvuka kitu njiani, na waliyatoa bila kuombwa. Mikono ya Damari hujipinda anapotaka kuitumia. Miguu yake hukaza na kupishana kama mkasi. Anapotaka kusema, shingo huenda kushoto, mdomo hupinda, na neno hukaa kooni kwa muda kabla ya kutoka. Likitoka, limekamilika. Maneno yake yanaandikwa hapa yakiwa kamili kwa sababu hiyo. Muda uliopita kabla ya kila neno hauandikiki.

Shule hakupelekwa. Kusoma alifundishwa na kaka yake kwa vitabu vya darasa la pili, mpaka siku kaka alipoona dada anamsahihisha, akaacha kufundisha.

Serikali ilipofungua biashara na malori ya watu binafsi yakaanza kusimama Iguguno kutafuta kuku wa kienyeji, Damari alijengewa kibanda cha bati kando ya barabara. Hukaa hapo juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu. Mwenye kuku humshika mwenyewe, humgeuza mbele ya Damari, humpuliza manyoya ya kifuani ili nyama ionekane, na Damari hutaja bei. Wanunuzi wa Dar es Salaam ni watu wasiosubiri hata chai ipoe. Kumsubiri Damari walijifunza haraka. Walitaka kuku.

Ni kibandani hapo Mwalimu Dorkas, mkufunzi wa uuguzi, alipomkuta. Alinunua jogoo, wakazungumza, akarudi mwezi uliofuata wakazungumza zaidi. Mwishowe akamwomba aje chuoni awaeleze wanafunzi maisha yake yalivyo, kwa kuwa wanafunzi hao wangepangwa kwenye zahanati kuanzia Shelui hadi Kintinku, na wengi wao hawajawahi kuongea na mtu kama yeye.

Damari alikubali palepale. Sababu aliijua yeye na mama yake tu.

Mwaka 1989 alipelekwa hospitali kujifungua. Mtoto alitoka kwa upasuaji, msichana, akaitwa Ritha. Baba yake Ritha ni Philipo, mpakiaji wa matenga ya kuku kwenye malori, na walikuwa wakiishi chumba kimoja kama mke na mume. Miaka ikapita, mtoto wa pili hakuja. Philipo alisubiri, akanung'unika, akapanda lori moja na hakurudi. Wiki ile alipoondoka ndipo Rebeka alipomwambia binti yake kwamba hakuna mtoto atakayekuja tena, kwa sababu siku ya upasuaji alifungwa kizazi. Tabibu alipendekeza, Rebeka akakubali.

Damari alitaka kusema jambo hilo mbele ya watu watakaoshika kazi ya tabibu yule. Hakutaka kingine.

Ratiba ya chuo haikuandika hivyo. Iliandika: Kesi, yaani mgonjwa wa kuoneshwa darasani. Mkufunzi wa utabibu, Mwalimu Gaspari, mtu mwembamba mwenye sauti kavu, aliingia darasani, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa MTINDIO WA UBONGO, akapangusa chaki mikononi. Damari alisoma. Lilikuwa jina la hali yake, na ndiyo mara ya kwanza kuliona.

"Mvue viatu," Gaspari alimwambia Rebeka.

Rebeka alimvua. Gaspari alinyanyua mguu wa kulia, akauachia, akaunyanyua tena. Aligonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu uliruka, ukaendelea kutetemeka. Kuna waliocheka.

"Msicheke, tazameni. Misuli imekaza, siyo kwamba imelegea. Mtoto akiletwa kwenu na miaka miwili, miguu yake hivi, mtamwambia mama nini? Mtamwambia amelogwa?"

"Hapana, mwalimu."

"Chediel, njoo upime akili."

Chediel, kijana mrefu kutoka Manyoni, alikuja, akapinda mgongo mpaka uso wake ukawa karibu na wa Damari, akapaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya mto.

"Hu-jam-bo, da-da?"

Shingo ya Damari ilianza safari yake ya kushoto.

"Hajambo," Rebeka akajibu.

"Una-itwa na-ni?"

"Anaitwa Damari."

"Una-toka wa-pi?"

"Iguguno, mwanangu. Tumeletwa na gari la chuo."

Chediel akanyooka. "Mwalimu, mgonjwa haitikii salamu. Hajui jina lake wala anapokaa."

"Kwa hiyo?"

"Akili pungufu, mwalimu."

"Vizuri. Andikeni."

Wakati wanaandika, sauti ya Damari ilitoka. Ilitoka kwa nguvu kuliko alivyokusudia, na msichana wa mbele akashtuka, kalamu ikamdondoka.

"Anasemaje?" Gaspari aliuliza.

Rebeka alitazama mkoba wake. "Anasema hajaamkiwa."

Darasa likacheka.

"Mama, mwambie mgonjwa haamkiwi. Anaulizwa anaumwa nini. Hapa hatuko kwenye harusi."

"Mwambie mwenyewe," Damari alisema. Hilo halikuhitaji mkalimani. Kisha akamwambia mama yake amvalishe viatu.

Ugomvi uliofuata ulitokea koridoni, wanafunzi wakiwa madirishani.

"Nilimwalika aje aongee," Dorkas alisema. "Wewe umemfanya sanamu ya duka la nguo."

"Aongee? Umemsikia anavyoongea? Nina kipindi kimoja, Dorkas, kimoja! Nikitumia kipindi hicho kungoja salamu, hawa watoto watakwenda zahanati bila kujua mguu uliokaza unafananaje. Mtoto atafichwa ndani mpaka akakamae kabisa. Heshima yako itamnyoosha?"

Gaspari hakuwa akitafuta maneno. Alikuwa amefanya kazi vijijini muda mrefu, na watoto waliofichwa ndani aliwahi kuwatoa kwa mikono yake.

"Kijana wako ameandika mtu huyu hana akili," Dorkas alisema. "Kuku wangu aliniuzia nani?"

"Kuuza kuku siyo kipimo."

"Na kupiga kelele usoni mwa mtu ndiyo kipimo?"

Damari alikuwa ameegemezwa ukutani, akisikia yote. Alitoa masharti yake, na safari hii Dorkas alimzuia Rebeka kwa mkono ili asiyatafsiri. Atarudi mara moja. Wanafunzi wamwamkie kama wanavyomwamkia mtu mzima mwingine. Wasubiri aitikie mwenyewe. Mama yake asijibu neno.

"Sawa," Gaspari alisema. "Mara moja. Ikiwa vurugu kama leo, hataletwa tena, wala mwingine wa namna yake. Tutatumia picha."

Walipofika nyumbani Rebeka aliweka mkoba chini, akaanza kwa Kinyiramba, akahamia Kiswahili ili hata majirani wageni wasikie vizuri.

"Umenitia aibu mbele ya madaktari. Mimi ndiye mdomo wako tangu umezaliwa!"

"Sikukutuma."

"Hukunituma? Nani alikuwa anakuombea maji? Nani alikuwa anawaambia watu unasema nini wakati baba yako mwenyewe alikuwa anatoka nje ukianza kuongea?"

"Ulisema hata nisichosema."

Rebeka alijua neno lipi linazungumziwa. Alichota unga, akaurudisha kwenye debe. "Na unataka kwenda kulisema kule."

"Ndiyo."

"Basi nitakuwepo. Kama ni kunisema, uniseme mbele ya uso wangu, siyo mgongoni kwa watoto wa watu."

Kipindi cha pili kilikuwa mwezi Mei. Dorkas alikuwa amewaeleza wanafunzi masharti, na wanafunzi hawakuyapenda. Baadhi walisema wamekuja kusomea utabibu, siyo jando. Damari alipoingizwa walisimama wote kwa pamoja, wakavuta salamu kwa wimbo, kama darasa la kwanza linapotembelewa na mkaguzi.

"Shi-ka-mooo, ma-maaa!"

Ilikuwa kejeli na kila mtu chumbani alijua. Gaspari, aliyesimama dirishani mikono nyuma, hakugeuka.

Damari alianza kuitikia. Shingo ilikwenda kushoto. Mdomo ulifunguka, ukafunga, ukapinda. Neno lenyewe ni gumu kwake kuliko mengi. Lina midomo kukutana, ulimi kupanda, pumzi kutoka, kisha midomo kukutana tena. Wanafunzi walibaki wamesimama. Viatu vilianza kusuguana na sakafu. Rebeka alifungua kinywa kwa mazoea ya miaka thelathini, na Dorkas akamkanyaga mguu.

"Bado iko njiani," sauti moja ilisema nyuma.

"Imekwama Sekenke," akajibu mwingine.

Kicheko kilipasuka. Hakuna mtu wa Singida asiyejua mlima Sekenke, pale karibu na Shelui, ambapo lori lililobeba mzigo linaweza kukatika breki au kukata moto, na abiria wakashuka, wakapika, wakala, wakalala. Hata Gaspari alitabasamu kwenye kioo cha dirisha.

"Marahaba," Damari alisema.

Walikaa. Yeye aliwatazama mstari kwa mstari.

"Nani amesema Sekenke?"

Kisha viwiko vikafanya kazi, na kijana mnene anayeitwa Melkizedeki, mchekeshaji wa darasa, akasukumwa mpaka akasimama.

"Ni mimi, dada."

"Dada yako nani?" Dorkas alisema.

"Ni mimi, mama. Naomba radhi."

"Sitaki radhi," Damari alisema. "Kaa. Umesema vizuri. Nitawaambia kitu kingine kilichokwama Sekenke."

Aliongea muda mrefu. Wakati fulani mate yalimtoka na akaacha yatoke. Alisema mwaka 1989 alikuwa kitandani, wodi ya wazazi, uchungu umemshika na mtoto amekaa vibaya. Alikuja tabibu kijana, msafi, koti limepigwa pasi. Tabibu alimwambia atapasuliwa, na kwamba kwa hali yake ingefaa wamfunge kizazi palepale. Akamuuliza: unakubali?

"Aliniuliza mimi. Alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia. Aliniuliza mimi kwanza, nikaanza kumjibu."

Alitulia kupumzisha koo.

"Alinitazama kidogo. Akamgeukia mama. Akasema, huyu haelewi. Mama akasema ndiyo. Jibu langu lilikuwa Sekenke."

Msichana wa mstari wa mbele, Eliana, yule aliyemfinya shavu mwezi Machi, aliinua mkono, kisha akauliza bila kuruhusiwa. "Lilipofika je?"

"Lilipofika alikuwa ameshatoka. Nilimwambia nesi aliyekuwa ananisukuma kwenda chumba cha upasuaji. Nesi alisema, ndiyo mama, tulia, utajifungua salama."

"Ulimwambia nini?"

"Hapana."

Melkizedeki alikuwa anatazama meza.

"Hapana, sitaki," Damari alisema. "Maneno mawili. Nimeyapima baadaye nyumbani. Hayachukui muda mrefu kuliko kunawa mikono."

Rebeka alisimama. Dorkas alimshika kitenge, naye akauondoa mkono huo kama anayefukuza nzi.

"Sasa mmesikia. Mimi ndiye mama aliyesema ndiyo. Nilikuwa mjane. Nilikuwa na binti kitandani anapiga kelele na mjukuu anayekuja, na nilijua nani atambeba, nani atamwogesha, nani atakesha naye. Huyu hapa mtoto hawezi kumshika bila kumwangusha! Nilimlea yeye, nikaanza kumlea wa kwake. Daktari ananiambia kuna wa pili na wa tatu, mimi niseme hapana? Nyie wenye makoti, mngesema nini?"

Kisha Chediel akasimama, mikono ubavuni.

"Tungesema ndiyo, mama. Mimi ningesema ndiyo."

"Umeona?" Rebeka alimwambia binti yake. "Wasomi hao."

"Nimeona," Damari alisema. "Ndiyo maana nimekuja kwao. Wewe tulishamalizana."

"Tumemalizana nini? Lini?"

"Ritha ulimlea vizuri. Sijasema hukumlea. Nilitaka kuulizwa."

"Ungelea na nini? Na mikono hiyo?"

"Ungenicheka nikishindwa. Lakini ningekuwa nimeulizwa."

Gaspari aligeuka kutoka dirishani. Alisema muda umekwisha, na kwamba kipindi kilipaswa kuhusu misuli. Wanafunzi wengi walitoka moja kwa moja kwenda kula. Waliobaki walikuwa wachache, na hawakujua la kufanya na mikono yao. Eliana alikwenda mbele, akasimama kidogo mbele ya Damari, akatoka.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri kwa mtu yeyote. Kikundi cha wanafunzi kilimwendea mkuu wa chuo kulalamika kwamba wameitwa wauaji na mtu wa nje, jambo ambalo Damari hakulisema. Gaspari alipinga rasmi kipindi kile kuwekwa kwenye mtaala. Hoja zake zilikuwa mbili: hakihusu ugonjwa, na kinawafundisha wanafunzi kuwaogopa wagonjwa. Dorkas alimjibu kwenye kikao cha walimu kwamba kuogopa kidogo hakujawahi kumuua mgonjwa. Mkuu wa chuo, mtu asiyependa kelele, aliahidi kutoa uamuzi baada ya mitihani.

Kwenye mitihani ya vitendo Chediel alipewa mzee aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, ambaye maneno yake yalitoka kwa shida. Alimwamkia, akangoja. Binti wa mzee alipoanza kujibu, Chediel alimwomba anyamaze. Muda ulikwisha kabla hajafika kwenye kupima mapigo ya moyo. Gaspari, aliyekuwa msimamizi, alimpa alama za chini kabisa katika kundi lake na kumwambia sababu mbele ya wenzake: mgonjwa wa moyo angekuwa ameshakufa huku anangojewa aitikie. Chediel hakubisha. Atarudia mtihani huo.

Habari hizo zilipofika Iguguno, kwa Dorkas aliyekuja kununua kuku, Damari alisema tu kwamba Gaspari hakukosea kuhusu mapigo ya moyo. Alisema kijana angepima huku anangoja. Mikono yake si mizima?

Rebeka hapendi kuulizwa juu ya chuo. Anaendelea kumpeleka Ritha shule na kumletea binti yake chakula kibandani mchana, analiweka sufuria juu ya tenga tupu na kuondoka bila kukaa. Mwezi uliopita mnunuzi mgeni alimgeukia na kumuuliza bei ya mtetea. Rebeka alimjibu kwa ukali: "Mimi naijuaje? Mwenye duka si huyo!" Ilisemwa kwa hasira, na Damari aliipokea hivyo.

Mkuu wa chuo ametoa uamuzi. Kipindi kitabaki, mara moja kwa kila darasa jipya, bila ndugu kuwepo chumbani. Darasa jipya linaanza mwezi Septemba. Damari atakwenda kufundisha wiki ya pili, na Gaspari ameomba wakati wa kipindi hicho yeye apangiwe kazi wodini.